Hema Jeupe la Familia ya Mama Veronika

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoboka mkono. Nilikuwa msichana wa Kizigua kutoka kijiji cha jirani na Handeni mjini, najua kushona magauni na sare za shule kwa cherehani ya shangazi yangu, nikadhani kazi ya turubai ni hiyohiyo ila kitambaa ni kizito. Fundi Mkuu wa karakana ile ya mahema, mzee wa Kisambaa ambaye alikuwa haanzi kuongea mpaka ashushe miwani puani, alinipa sindano ndefu yenye ncha ya pembe tatu pamoja na kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani ili nisukumie sindano. Ngozi ilikuwa inanuka jasho la watu walionitangulia. Nikaiweka kando. Kabla ya saa ya chai sindano ilikuwa imezama kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, nami nimesimama nimeikodolea macho, hata kulia nimesahau.

Fundi Mkuu aliichomoa mwenyewe. Akaushika mkono wangu akauweka kwenye ndoo ya maji.

"Ngozi iko wapi?"

"Nimeivua, mzee. Inanuka."

"Hapa hatushoni gauni, binti," akasema. "Gauni likichanika mtu anajifunga kanga, anakwenda nyumbani. Hema likichanika mvua inanyesha, na watoto wamo ndani, hao watajifunga nini?"

Nawaandikia ninyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa, wakati mahema yanakuja yamekunjwa kwenye mfuko mdogo na nguzo zake zinajifungua zenyewe kama mwavuli. Zamani hema lilikuwa mzigo wa wanaume wawili. Tulilishona kwa turubai la pamba, tukakunja kila mshono mara mbili ili maji yasipate pa kupenya, na uzi tukaupitisha kwenye nta ya nyuki ili tundu la sindano lizibe lenyewe. Juu ya paa la kwanza kulikuwa na paa la pili ambalo halikugusana nalo, na hewa iliyopita katikati ndiyo iliyomwokoa mtu na joto. Wateja wetu walikuwa wapima ardhi, na watu wa madini waliokuwa wakizunguka vilima vya Handeni na nyundo zao. Hema likiisha, aliyelishona aliingia ndani akaketi, na Fundi Mkuu akapanda ngazi na ndoo akamwaga maji juu ya paa. Tone moja likikudondokea, unafumua mshono wote. Nilidondokewa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, mpaka ikafika siku nikatoka mkavu, na yule mzee akapandisha miwani yake juu bila kusema neno. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Nilikaa Handeni mpaka Fundi Mkuu akastaafu. Ndipo mwenye karakana alipopata kipande cha ufuo, kusini ya Pangani, akaamua kufanya kambi ya wageni. Sikuelewa. Pale palikuwa na mchanga, vichaka, minazi michache na kisima cha maji ya chumvi. Hapakuwa na umeme wala duka. Familia ilitakiwa ije na kila kitu chake, ikae siku chache, ioge baharini, ipike kwenye mafiga, irudi kwao. Kwa kuwa kule hapakuwa na stoo, alifungua stoo Kabuku, kandokando ya barabara kuu, ili familia zinazotoka Dar es Salaam zisimame zichukue mahema, vyandarua, vyungu na mapipa ya maji. Mimi nikapelekwa huko kuwa mtayarishaji. Cheo hicho hakikuwepo kabla yangu.

Mkubwa wangu Kabuku alikuwa Msimamizi wa Wageni, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi hotelini. Siku alipokuwa akinieleza kazi nilidhani ananitania.

"Wanalala chini? Mchangani?" nikamuuliza.

"Chini, kwenye mkeka."

"Na nyumba wanazo?"

"Wengine za ghorofa."

"Na kwa kulala huko mchangani, wao ndio wanalipa?"

"Wanalipa," akasema, "na wakiondoka wanatushukuru."

Nilikaa juu ya fungu la kamba nikabaki mdomo wazi. Kwetu mtu akilala porini alikuwa anawinga nguruwe wasimalize mahindi, na asubuhi alirudi analaani. Leo naambiwa kuna watu wanaacha vitanda vyao na feni zao kwa hiari, tena na watoto.

Nilishtuka zaidi walipoanza kufika. Walikuja na pasi za umeme na mazulia. Familia moja ilikuja na friji, imefungwa vizuri kwa blanketi juu ya pikapu, na nilipomwambia baba wa familia kwamba kule umeme hakuna, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hata kidogo?" Maji ya kunywa hawakubeba. Walidhani kwa kuwa wanakwenda kwenye maji mengi, basi maji yapo.

Nilikuwa nacheka. Msimamizi aliniita pembeni.

"Usiwacheke," akaniambia. "Mtu hajawahi kuishi bila nyumba, anafunga nyumba nzima anakuja nayo. Kazi yako ni kumsaidia kuacha. Na huwezi kumsaidia kuacha kama hujamuuliza. Muulize nani analala na nani. Muulize mtoto gani anaogopa giza, na kama bibi anaamka kwenda choo. Ukimaliza kuuliza, ndipo umpe hema."

Nikajifunza kuuliza, nikajifunza na ufuo, kwa kuwa kila msimu walinipeleka kukagua mahema. Nawapeni haya kwa ufupi. Hema halisimamishwi chini ya mnazi, kwa kuwa nazi haitoi taarifa. Kabla ya kupima mahali, tafuta mstari wa mwani mkavu uliosukumwa na maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kisha upande juu yake hatua za kutosha. Kigingi cha chuma kinachoshika udongo wa Handeni hakishiki mchanga. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uufukie, na hapo upepo utahangaika wenyewe. Mlango uelekee bara wakati wa kusi, upepo wa kusini utokao baharini, la sivyo mnakula wali wenye mchanga.

Baadaye stoo ikahamishiwa Korogwe, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hatukulitarajia: watu wa kwetu nao walianza kwenda. Walikuwa walimu na wafanyabiashara wa Mombo na Lushoto, na wakulima waliovuna vizuri. Watu waliokulia mwendo wa asubuhi moja tu kutoka baharini, na hawajawahi kuiona. Meneja wa Korogwe alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kofia na filimbi, na yeye ndiye aliyeanzisha siku ya majaribio. Kila familia ya karibu ilitakiwa kuja stoo wiki moja kabla ya safari, isimamishe hema lake palepale uani, tuone.

"Wagombanie hapa," Meneja alikuwa akisema. "Nani ashike nguzo, nani avute kamba, nani anajifanya anajua. Wakifika baharini wawe wameshamaliza."

Ilikuwa siku ya kuchekesha kila ilipofika. Mpaka alipokuja Mama Veronika, Veronika likiwa jina lake mwenyewe la ubatizo.

Aliletwa na watoto wake wawili. Mkubwa, Tomasi, alikuwa fundi mwashi, mtu mzito wa kuongea na mwepesi wa mikono. Mdogo, Halima, alibatizwa Helena, akabadili dini alipoolewa na mfanyabiashara wa Mombo, na wote wawili na mama yao walikuwa wanaishi nalo hilo bila shida. Walikuja na wajukuu kundi zima. Mama yao umri ulikuwa umepita sabini. Alizaliwa kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe, baba yake akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka kusini, na hajawahi kuishi mahali pengine. Shamba lilipokufa waligawiwa viwanja palepale. Watoto walikuwa wamejichanga wampeleke akaione bahari.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kutufundisha kulala nje?"

"Mimi ndiye."

"Hawa wanangu wana wazimu," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Nilimpa kiti mlangoni pa karakana ndogo ya stoo, kivulini, ameupa uwanja mgongo, nikamtilia chai. Tukaongea. Aliniambia jinsi walivyokuwa wakianika singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge, kwenye nyaya ndefu karibu na korona, ambacho ndicho kiwanda cha kukamulia majani. Alisema ukisimama mbali uliona uwanja mzima kama umeangukiwa na pamba. Alikuwa mwongeaji mzuri. Nyuma yake Tomasi na shemeji yake walikuwa wanainua hema, Meneja anapuliza filimbi, wajukuu wanavuta kamba upande usiotakiwa, makelele matupu.

Mwaka ule turubai la kijani lilikosekana, tukaletewa jeupe. Hema lao lilikuwa kubwa, la nguzo mbili, jeupe pepe. Lilipokaa sawa watoto walishangilia, na Mama Veronika akageuka kutazama.

Kikombe kilimtoka mkononi. Sikuona akikiachia, nilisikia tu kinavunjika kwenye saruji. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Nani anaumwa?" akauliza.

Tomasi alidhani ni utani. "Hakuna anayeumwa, mama. Hiyo ndiyo nyumba yetu ya baharini."

"Nani anaumwa, nauliza!"

Akainuka. Fimbo yake aliiacha pale kitini, na sijui alipata wapi nguvu, alivuka uwanja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa hema, akaufunua, akaingia. Tulimfuata mimi, Tomasi na Halima. Tulimkuta amepiga magoti katikati, anapapasa sakafu ya turubai upande wa kushoto.

"Skola alilala hapa," akasema. Kisha akasogea kidogo. "Benedikto hapa."

Halima akanitazama mimi kana kwamba ningejua. "Mama, Skola ni nani?"

Aliendelea kupapasa sakafu.

"Mama. Skola ni nani?"

"Dada yako," akasema Mama Veronika. "Na Benedikto kaka yako."

Nje Meneja aliendelea kupuliza filimbi. Tomasi alikuwa bado ameshika nyundo ya vigingi. Aliiangalia kama kitu ambacho hakijui, akaiweka chini taratibu.

"Mama," akasema, "mimi ndiye kifungua mimba wako."

"Wewe ni wa tatu, Tomasi."

Nilitaka kutoka, mambo yale hayakuwa yangu. Mama Veronika alinishika gauni. "Kaa," akaniambia. "Ukitoka na mimi nitatoka, na nikitoka sitasema tena." Basi nikakaa sakafuni, na wanawe wakakaa.

Alieleza hivi. Kabla ya baba yao alikuwa na mume mwingine, kibarua mwenzake, na alimzalia watoto wawili. Skola alikuwa anajua kuhesabu mpaka kumi na anazihesabu hata hatua za kwenda bombani. Benedikto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kipindupindu kikaingia kambi ya vibarua. Watu wa afya wakaja na mahema meupe, wakayasimamisha kwenye uwanja wa kuanikia singa, na kila nyumba yenye mgonjwa ilipelekwa huko. Yeye aliingia na watoto wote wawili. Alitoka peke yake.

"Nao walizikwa wapi?" Tomasi aliuliza.

"Palepale pembeni ya uwanja. Walimwaga chokaa. Hatukuruhusiwa kusogea."

"Uwanja upi?"

"Unaujua. Ule mliokuwa mkichezea mpira."

Tomasi alijishika kichwa. "Kila nilipokwenda pale ulinifuata na fimbo," akasema. "Kila siku. Wenzangu walikuwa wananicheka. Nilijua unanichukia tu kucheza."

"Ulikuwa unapiga kelele juu yao," akasema mama yake. "Ningekwambiaje?"

Tomasi alikuwa na hasira, nami simlaumu. Mtu wa umri wake, mwenye watoto wakubwa, anaambiwa katika hema la kukodi kwamba maisha yake yalianza mahali pengine tofauti na anapopajua. Alisema maneno makali. Alisema hata baba yao aliyekwishakufa alikuwa mwongo. Mama Veronika akajibu kwamba baba yao ndiye aliyemwambia waanze upya, na yeye akaanza. Mume wa kwanza alirudi kwao kusini, hakumpa hata mkono wa kwaheri. Vibarua wengine waliojua walikufa, au mikataba yao iliisha wakaondoka.

"Lakini kwa nini, mama?" Halima alikuwa analia. "Watoto kufa kwa ugonjwa si aibu. Ungetwambia tukawaombea. Kwa nini ulificha?"

Hapo ndipo nilipopata mshtuko ambao mpaka leo ukinijia nikiwa jikoni nakaa chini.

"Waliniomba maji," akasema Mama Veronika. "Nikawanyima."

Hatukuelewa. Akarudia. Alisema kabla ya mahema kuja, watoto walikuwa wameanza kuharisha nyumbani, na wakubwa wa kambini walimwambia mtoto anayeharisha asipewe maji, kwani kila unachomimina juu kinatoka chini na kumkausha. Yeye akatii. Skola alimwomba usiku na mchana. Alipokosa sauti akawa anaonyesha kikombe kwa kidole. Walipofika kwenye hema jeupe muuguzi alimwuliza, "Umewapa maji ya kutosha?" Naye akajibu kwa fahari, akidhani atasifiwa, "Hapana, sijawapa hata tone. Nimewalinda."

"Yule dada alinitazama," Mama Veronika akasema. "Hakuniambia kitu. Alinitazama tu. Nikajua."

Halima alikuwa ameziba mdomo. Tomasi hasira yote ilimwisha usoni, ukabaki uso wa mtoto. Yule mama alikuwa anatusubiri, anatutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayengoja hukumu.

Nikasema lililokuwa kweli. "Mama, hata mama yangu mzazi, kule kwetu Handeni, alitunyima maji tulipoharisha. Sote watoto wake. Alijifungia jikoni alie tusimwone, lakini alitunyima, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Sisi tulipona. Tofauti ni hiyo tu. Hakuwa mama mwema kuliko wewe."

Alinigeukia. "Mama yako yupo?"

"Alishafariki."

"Alikwambia mwenyewe?"

"Alituambia mwenyewe, zilipokuja zile pakiti za chumvi na sukari za zahanati. Alilia siku nzima."

Mama Veronika akaanza kulia hapo. Hakulia mapema, alilia hapo. Tomasi akatambaa kwa magoti, yule mtu mzito, akalaza kichwa chake mapajani mwa mama yake, na Halima akawakumbatia wote wawili. Mimi nikatoka. Nilimkuta Meneja nje ya mlango, kofia mkononi. Alikuwa amesikia. Filimbi aliivua shingoni akaitia mfukoni, akaenda kuwaita wajukuu wakanywe soda upande wa barabarani.

Nilidhani safari imekufa. Tomasi mwenyewe alikuja kuniambia wanaghairi. Lakini mama yake alikuwa nyuma yake, amerudishiwa fimbo.

"Nani kaghairi?" akasema. "Humo silali. Baharini nakwenda."

Basi kazi ikawa yangu. Niliomba kwa Meneja turubai la kahawia la malori, nikakata paa pana, na kuta zake nikazishona kwa kitambaa cha chandarua toka juu mpaka chini, ili mtu aliyelala ndani aone nje pande zote na aliye nje amwone. Hema la namna hiyo halikuwepo kwetu. Wiki ile Mama Veronika alikuja karakana karibu kila siku, Tomasi akimleta kwa pikipiki. Aliketi karibu na cherehani, ananipitishia uzi kwenye nta, ananieleza habari za Skola na Benedikto kama watu walioondoka jana. Alikuwa na mengi, kwa kuwa hakuwahi kuyapunguza kwa kumwambia yeyote.

Kwa desturi mtayarishaji haendi na familia. Safari ile nilikwenda, kusimamisha hema ambalo mimi pekee ndiye niliyelijua. Asubuhi ya kuondoka gari lilianzia uwanjani kule shambani. Nyaya za kuanikia hazipo siku hizi, pamebaki nguzo chache na magoli mawili ya miti. Mama Veronika alizunguka pembeni, akasimama mahali, akasogea, akasimama tena, mwisho akasema hajui. Nyasi zilikuwa sawa kote. Katekista wa kwao, waliyemwomba aje, akasoma sala wakiwa wamesimama hapo alipoishia, na Halima akafungua viganja vyake akaomba kwa dini yake. Wajukuu wakubwa walikuwa wameelezwa. Wadogo walitazama tu magoli.

Tulifika ufuoni baada ya adhuhuri. Mama Veronika alishuka, akavua ndala, akasimama.

"Haya yote ni maji?" akauliza.

"Yote, mama," Tomasi akasema.

"Na hayanyweki."

"Hayanyweki. Tumebeba ya kwetu."

Akataka kuyaona hayo ya kwetu. Tulikuwa tumeyaweka chini ya mti, pipa lenye koki. Akaomba kiti chake kiwekwe hapo, akaomba kikombe. Na siku zote walizokaa, kuanzia asubuhi, yule mama alikaa karibu na pipa lile, na kila mtoto aliyepita anakimbia alimwita. "Njoo unywe." Mtoto akisema ameshakunywa, anaambiwa anywe tena. Walilalamika matumbo yamejaa, wakatembea yanasikika. Tomasi alikunywa, Halima alikunywa, dereva alikunywa, na mimi nilipokuja kukaza kamba nilikunywa kikombe kizima nikiwa sina kiu hata kidogo, yeye akinitazama koo mpaka nikamaliza. Hakuna aliyekataa.

Baada ya hapo nilibadilisha kazi yangu. Nilimwomba Meneja tusitumie tena turubai jeupe, akakubali bila kuuliza. Na kwenye maswali niliyofundishwa Kabuku niliongeza langu: kabla hatujafungua hema lolote, nilimwuliza kila mtu mzima, peke yake pembeni, kama aliwahi kulala hemani, na ilikuwa lini. Hamtaamini majibu niliyoyapata. Mzee mmoja mpole wa Mpale, mkulima wa mahindi, alinijibu kwa kunionyesha kovu la vita. Mama mmoja alijifungulia hemani wakati mafuriko yamechukua nyumba, akaniomba nimtafutie hema linalofanana na lile, kwa kuwa anamshukuru Mungu kwa lile. Nilishtuka kila mara, na sikuzoea. Ninyi mtakaofanya kazi hii msizoee.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena tundu la sindano, na kiganja kimekuwa kigumu kama ile ngozi yenyewe. Naishi Handeni kwa mwanangu, nalima bustani, na watu wakija kuniuliza hema gani zuri nawajibu kwamba sijui mpaka waniambie nani atalala ndani.

Mwaka huu Tomasi alinialika kwenye harusi ya binti yake, Korogwe. Ukumbi ulijaa watu wa lile shamba la zamani, watu waliojuana tangu utotoni. Mama Veronika aliketi mbele, amevaa kitenge kipya, amezeeka sana. Mshereheshaji, kijana wa kuongea haraka, akamkaribisha baba wa bibi harusi azungumze. Akasema, "Makofi kwa mzee wetu Tomasi, kifungua mimba wa Mama Veronika!"

Tomasi alichukua kipaza sauti. Akangoja makofi yaishe.

"Naomba nisahihishe," akasema. "Kwa mama yangu mimi ni wa tatu. Wa kwanza ni Skola, wa pili ni Benedikto, halafu mimi."

Majirani waliomfahamu maisha yao yote waligeuka kumtazama yule mama, wengine midomo wazi. Naye Mama Veronika akainua mkono wake juu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.